Ombi la Kuruhusiwa Kumwambia Mgonjwa, Ambaye Ni Mimi

Lewokoli, Flores Mashariki
Jumatano, juma la pili la Kwaresima

Kwa Mheshimiwa Daktari Mkurugenzi,
Hospitali ya Mtakatifu Pantaleo

Mheshimiwa Mkurugenzi, amani ya Bwana iwe nawe, pamoja na wote wanaokesha na wanaosinzia chini ya paa la hospitali yako.

YAH: MGONJWA ASIYEJULISHWA

Naomba radhi mapema kwa kukupotezea wakati ambao ungeutumia kwa watu wanaougua kwa utaratibu. Mimi ni Hubertus Sanga Werang, mwalimu mstaafu wa shule ya misheni, mwongozaji wa kwaya ya parokia, na mgane. Mapadri walionilea walitufundisha kwamba barua ya malalamiko iandikwe baada ya kula na kabla ya kukasirika. Nimekula. Kwa hiyo, iwapo utaona mahali popote nimepandisha sauti, tafadhali usome mahali hapo polepole, nayo itashuka yenyewe.

Jambo langu kwa ufupi ni hili: ninayo habari nzito ambayo nimeapa kutompa mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo ni mimi. Naomba ruhusa yako ya maandishi nimwambie. Ili usidhani umeandikiwa na mzee aliyepungukiwa akili, nakuwekea malalamiko yangu kwa namba, kama tulivyofundishwa.

1. Kuhusu benchi.

Nje ya chumba cha Daktari Prasetya lipo benchi la mbao ambalo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na mlango unaolitazama. Kila tuendapo, mlango hufunguka na Daktari husema kwa upole, "Familia ya Mzee Hubertus, karibuni ndani." Nami huinuka, kwa kuwa mimi ni mtu wa familia hiyo, na nikiruhusiwa kujisifu kidogo, ndimi niliyeianzisha. Hapo Sista Metildis hunishika bega. "Siyo wewe, Babu. Wewe kaa, pumzika."

Basi mwanangu mkubwa Damianus huingia, mkewe Getrudis huingia, na mlango hufungwa. Wakitoka, macho yao huwa mekundu kama ya watu waliochochea moto wa kuni mbichi. "Daktari kasemaje?" mimi huuliza. Damianus hutazama viatu vyake. "Kidonda kidogo tu cha tumbo, Baba. Amesema ule vizuri, usiwaze." Nikamuuliza Getrudis mbona analia. Akasema ni mafua. Nikamuuliza Damianus mbona naye. Akasema mafua hayohayo. Mheshimiwa, ikiwa kweli watu wawili wazima wanaweza kuingia kwa daktari wakiwa wazima na kutoka na mafua, basi nakusihi uangalie madirisha ya chumba kile.

2. Kuhusu simu.

Binti yangu Skolastika anafanya kazi ng'ambo, Tawau, upande wa Malesia. Safari ya mwisho aliingia chumbani kwa Daktari kwa njia ya simu ya Damianus, yenye spika iliyofunguliwa. Sikutega sikio, nilifundishwa kwamba ni dhambi. Lakini binti huyu nilimfundisha mwenyewe kuimba sauti ya kwanza, na mlango wenu ni mwembamba.

"Daktari, usinizungushe, nakuomba," alisema. "Mimi sikuuliza kama hali yake ni ya kuombewa. Nimeuliza ni nini, kimefika wapi, na kinatibika au hakitibiki."

"Tika, punguza sauti!" Damianus akamnong'oneza. "Baba yuko hapo nje."

"Basi mwingizeni ndani! Kwani tumbo ni la nani?"

Hapo simu ikakatika. Damianus alipotoka alisema mtandao wa Malesia ni mbaya sana. Nami nilipaswa kusikitika, lakini nakiri kwamba nilikaa kwenye benchi lile nikiwa na fahari iliyopita kiasi kwa mtu aliye katika Kwaresima. Malalamiko yangu hapa ni madogo: hospitali yako imemruhusu mtu aliye ng'ambo ya bahari kuingia chumbani, na mwenye tumbo, ambaye angeweza kuugusa mlango kwa fimbo yake, ikamwambia apumzike.

3. Kuhusu majirani, na kuhusu bafu.

Naelewa kwamba habari za mgonjwa ni siri. Ningependa tu kujua siri hiyo huwekwa wapi, maana katika kijiji chetu ninayeikosa ni mimi peke yangu. Tangu tuliporudi, nimeletewa kuku, mayai, mahindi yaliyopondwa bapa ya kutosha kulisha seminari, na mkungu wa ndizi uliobebwa na mtu ambaye hajapata kunipa hata salamu. Ninamsema Kobus Liat, mwimba besi, ambaye tulikuwa hatusemezani naye tangu nilipomwambia mbele ya watu kwamba anaimba kama anayesukuma kabati. Alikuja, akanishika mikono miwili, akaniita rafiki yake mpenzi. "Mwalimu," akasema, "ulisema kweli. Nasukuma kabati. Nimesukuma miaka yote." Mheshimiwa, kidonda kidogo cha tumbo hakijawahi kumfanya mwimba besi akiri jambo kama hilo.

Juma lililofuata kwaya ilikuja kufanya mazoezi uani kwangu badala ya kanisani, ati kanisa lina joto. Wakaimba wimbo mmoja tu, wa kuagana. Nikawaambia sauti ya pili inachelewa. Sauti ya pili yote ikaingia jikoni kulia.

Kisha Damianus akaleta vigae.

"Vya nini hivi, mwanangu?"

"Vya bafu, Baba."

"Vya kijani?"

"Kijani kinatuliza, Baba."

Lazima nikueleze kwamba marehemu mke wangu Bergita amelala mbele ya nyumba yetu, kama ilivyo kawaida ya kwetu, chini ya kaburi la vigae vya kijani. Upande wake wa kushoto ipo nafasi ambayo naitunza mwenyewe, nang'oa majani, na kuwafukuza bata. Sina elimu ya ujenzi. Lakini sijapata kuona bafu linalopimwa kando ya kaburi, wala fundi anayemtazama mwenye nyumba kuanzia utosini hadi visiginoni kabla ya kukata kamba yake. Nilimwuliza fundi kama bafu hilo litakuwa na maji. Akasema ataongea na Damianus.

4. Kuhusu kikao cha ukoo.

Wewe, Mheshimiwa, unatoka pwani ya pili ya kisiwa, na Daktari Prasetya ni kijana wa Java. Huenda hamjui kwamba kwetu mtu akiugua ugonjwa mzito, ukoo hukusanyika, na kila mmoja hutoa mdomoni jambo alilomficha mgonjwa, ili lisije likaziba njia ya kupona. Mapadri walijaribu kuikomesha desturi hii, kisha wakaona inawasaidia kazi, wakaiacha. Haifanywi kwa mafua. Haifanywi kwa jino. Na kwa hakika haifanywi kwa kidonda kidogo.

Damianus alinijia akiwa amevaa shati la Jumapili siku ya Alhamisi. "Baba, ukoo unakuja jioni. Kuna mambo madogo wanataka kukuambia."

"Kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya... kidonda."

Mheshimiwa, nilikaa kwenye kiti cha mbele nikayapokea. Mpwa wangu Lambertus alitoa kwamba nguruwe wangu aliyesombwa na mafuriko hakusombwa na mafuriko. Siku hiyo hata mvua haikunyesha, na mimi, mwalimu wa jiografia, sikuliona hilo. Getrudis alitoa kwamba supu ya samaki ya ukwaju ninayomsifia kila Ijumaa huipika jirani. Kobus Liat, ambaye si wa ukoo wetu wala hakualikwa, alisimama akatoa kwamba ndiye aliyetia mavi ya mbuzi ndani ya kinanda cha parokia. Skolastika alitoa kwa njia ya simu kwamba yule Bwana Ruslan, ambaye kwa muda mrefu nimekuwa nikimwandikia salamu kama mpangaji mwenzake, ni mume wake.

"Ana adabu, Baba," akasema huku analia. "Na barua zako zote anazo."

"Anaimba sauti gani?" nikamuuliza.

"Ya tatu, Baba."

Nikamsamehe palepale, maana sauti ya tatu ni adimu.

Ilipofika zamu ya Damianus, alisimama, akafungua mdomo, akaufunga. Watu wote wakamtazama. Akasema kwamba alipokuwa mdogo aliwahi kuvunja miwani yangu na kumsingizia paka. Nikamwambia nilijua, kwa sababu tulikuwa hatuna paka. Ukoo ukacheka, naye akacheka, kisha akatoka nje haraka. Nilijua kwamba sicho alichotaka kusema. Nadhani na bata walijua.

Malalamiko yangu katika namba hii ni kwamba hospitali yako imewafanya watu wema waniungamie kila kitu kilichotokea katika kijiji hiki isipokuwa kinachotokea tumboni mwangu.

5. Kuhusu ziara yangu.

Sasa nafika mahali ambapo mlalamikaji na mlalamikiwa wanagombania benchi moja. Ijumaa iliyopita nilivaa shati langu la batiki na miwani ya kusomea, nikaenda hospitalini peke yangu. Niliazimia kubisha mlango na kusema, Daktari, mimi ndiye. Sikupata nafasi. Sista Metildis aliniuliza, "Mzee, umekuja kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya Hubertus Sanga Werang."

"Wewe ni nani wake?"

Nikasema, "Ni wa karibu yake sana." Na hilo, Mheshimiwa, ni kweli hata mbele ya hukumu.

"Kaka yake eh? Mnafanana! Ingia, Babu, ingia, Daktari yupo."

Hapa ndipo nilipokosa. Sikusema ndiyo. Lakini niliingia. Padri wetu, nilipomuungamia, aliinamisha kichwa nyuma ya wavu, na wavu ukawa unatikisika. Nadhani alikuwa akilia.

Nataka uelewe kwamba Sista huyu amewahi kunipima presha, na Daktari huyu amewahi kulibonyeza tumbo langu kwa mikono yake miwili. Wala simlaumu yeyote. Naamini Daktari angenitambua mara moja kama ningefungua shati. Uso wangu ndio alikuwa hajapata nafasi ya kuutazama.

Lakini kwa kaka wa mgonjwa, Mheshimiwa, Daktari Prasetya ni malaika. Alinivutia kiti. Akazima simu yake. "Mzee," akasema, "wewe ni mtu mzima, sitakuficha." Akachukua karatasi akachora utumbo mpana, vizuri kabisa, kama mtu aliyewahi kufundishwa kuchora ramani. "Hapa pana uvimbe. Ni kansa. Haijaonekana kwenye ini wala kwenye mapafu. Ikikatwa mapema, ndugu yako ana nafasi nzuri. Ikiachwa, utumbo utaziba, na hapo sitakuwa na la kukuambia."

"Hukatwa wapi?"

"Kupang. Nimemtafutia nafasi hospitali kuu ya kule. Ni Jumatatu ile ya baada ya hii inayokuja."

"Mbona hajaambiwa ajiandae?"

Akavua miwani akafuta macho. Naona hata yeye halali. "Ndiyo taabu, Mzee. Siwezi kumpeleka mtu Kupang na kumlaza mezani bila yeye kujua anakatwa nini. Na watoto wake hawataki ajue. Nimewaomba. Binti anasema aambiwe, kijana anasema hapana. Hawasemi ndiyo, hawasemi hapana. Wasiponijibu, nafasi ile anapewa mwingine."

Ndipo nikaelewa, Mheshimiwa. Sikuwa nikifa kwa kansa. Nilikuwa nikifa kwa adabu.

Nilimuuliza maswali yangu yote, naye akayajibu yote. Nilimuuliza kuhusu maumivu. Nilimuuliza kama moyo wa umri ule utaihimili dawa ya usingizi, akasema utaangaliwa kwanza. Nilimuuliza kuhusu mfuko ambao nimesikia watu huwekewa ubavuni. Akasema huenda, tena huenda kwa muda tu. Mwisho nikamuuliza, "Mgonjwa anaongoza kwaya. Ataweza kuimba?" Akafikiri sawasawa, hakuharakisha. "Pasaka hii, hapana. Pasaka ijayo, Mungu akipenda, kwa nini asiimbe?"

Tangu niugue, hakuna aliyenipa jibu zuri kama hilo, na nilipewa kwa niaba ya mtu mwingine.

Kisha akaniambia, "Nakuomba jambo moja, Mzee. Ndugu yako asijue. Mwanawe anasema ni mtu dhaifu sana, analia hovyo, akilisikia neno hilo atakata roho palepale."

Hapa naomba niweke kumbukumbu sawa, kwa kuwa maneno haya huenda yameandikwa mahali. Nimelia hadharani mara mbili: siku ya kumzika Bergita, na siku kwaya ya parokia ya jirani iliposhinda kwa wimbo ulioimbwa bila tempo. Mara zote mbili nilikuwa na sababu.

Lakini Daktari alinyoosha mkono, nami sikujua la kufanya na mkono wa mtu ulionyooshwa isipokuwa kuushika. Nikaahidi. Naye akanisogezea glasi ya maji akasema, "Pole sana kwa nduguyo." Ilikuwa pole yangu ya kwanza.

Nikatoka nikaketi kwenye lile benchi. Mgonjwa naye alikuwa ameketi hapo. Tulikaa kimya sote wawili, kila mmoja akichunga asimwumize mwenzake.

6. Kuhusu nani hasa anaumwa.

Tangu Ijumaa nimelitafakari jambo hili kwa utaratibu wa mantiki tuliofundishwa seminarini, ambako nilikaa miaka michache kabla sijamwona Bergita akipita na ndoo. Nimefikia hitimisho ambalo nakuletea bila ubishi.

Kwa kawaida ya hospitali yako, anayeelezwa ugonjwa ndiye anayetakiwa kuukubali, kuulilia, kuutafutia dawa na kuutolea jibu. Huyo ni Damianus. Damianus tangu aelezwe amekonda. Mshipi wake ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Hali, halali, na akiona sahani ya nyama husukuma kiti. Getrudis alianguka jikoni akishika mwiko. Skolastika ananiandikia kutoka Tawau kwamba nywele zinamtoka. Kobus Liat amepimwa presha akaambiwa asiimbe. Mimi, kwa upande mwingine, nimekula kuku wote walioletwa.

Kwa ushahidi huu, ni dhahiri kwamba kansa hii anaumwa Damianus. Imetokea tu kwamba imehifadhiwa tumboni mwangu. Hivyo basi, kama msimamo wa hospitali ni kwamba mwenye tumbo asisumbuliwe, naona haki itendeke mpaka mwisho: Jumatatu apelekwe Damianus Kupang, akatwe yeye, na mimi niketi nje kwenye benchi. Akitoka nitamwambia ni kidonda kidogo. Nitakuwa na mafua.

MAOMBI

Kutokana na hayo, naomba moja kati ya yafuatayo, lolote litakalokuwa jepesi kwa ofisi yako.

Ama nitambuliwe rasmi kuwa ndugu wa karibu wa mgonjwa. Sifa ninazo: nimeishi naye tangu azaliwe, najua anachokula, sijawahi kumkosa hata siku moja alipougua, na tukienda kuzikwa tutazikwa pamoja. Sidhani Damianus anaweza kusema hivyo.

Ama Daktari Prasetya anifungue kiapo changu kwa maandishi, ili nimwambie mgonjwa kwa wakati unaofaa, mahali penye utulivu, na kwa maneno niliyoyachagua. Namfahamu mtu huyu. Si dhaifu kama wanavyosema. Atauliza kuhusu kuimba, kisha atasema tuondoke saa ngapi.

Ama, Mheshimiwa, na hili ndilo ombi langu kubwa: toa amri kuanzia sasa kwamba hakuna mlango utakaofungwa kati ya mgonjwa na ugonjwa wake. Siyo kwa ajili yangu tu. Kwenye lile benchi nimekaa na wazee wengine. Mama mmoja aliniambia watoto wake wamemwambia ana baridi yabisi ya titi. Tulitazamana, Mheshimiwa, tukaheshimiana sana. Sisi tumezika wazazi, wake, waume, wengine na watoto. Tumeona njaa na tetemeko. Hatuvunjiki kwa neno. Mtu akimpenda mzazi wake amwambie ukweli wazi, amtazame usoni, hata kama kidevu kinamtetemeka. Huo ndio msimamo wangu, na sitaurudisha nyuma.

Naomba nijibiwe kabla ya Jumatatu, maana baada ya hapo jibu lako, hata liwe zuri namna gani, litamkuta mpokeaji amehamia bafuni.

Nisalimie Sista Metildis, ambaye hana kosa; mikono yake ni laini na hajapata kunichoma sindano mara mbili. Nisalimie Daktari Prasetya, na mwambie alale. Nisalimie mlinzi wa getini aliyenishikia fimbo, wapishi, wanaofua mashuka, na wote walioko kwenye benchi. Bata, kwaya na Kobus Liat wanakusalimu.

Ni mimi, mtiifu kwako na mvumilivu kwenye foleni,

Hubertus Sanga Werang
(kwa niaba ya Hubertus Sanga Werang)

Nyongeza:

Mheshimiwa, naomba radhi kwa mara ya mwisho. Barua hii nilikwisha kuikunja, nikatoka kutafuta gundi. Kengele ya jioni ilikuwa bado haijapigwa. Nikamkuta Damianus ameketi juu ya maboksi ya vigae, mbele ya mama yake, ameinama.

"Baba," akasema, "kuna jambo Daktari..." Kidevu kikaanza kumtetemeka, kama siku ile ya miwani. "Daktari anasema kile... kile kidonda..."

Nilikuwa nimeyaandika maneno muda mfupi tu kabla, kwamba mtu aambiwe ukweli usoni. Nilikuwa nayo mfukoni. Nikautazama uso wake, Mheshimiwa, ukawa uso wa mtoto wa darasa la kwanza aliyesahau shairi mbele ya wageni. Na mwalimu, mtoto akisahau shairi, hufanya nini? Humnong'oneza mstari.

"Kidonda kimezidi, siyo?" nikasema.

"Ndiyo, Baba."

"Kinataka kukatwa."

"Ndiyo, Baba."

"Kupang, bila shaka. Vidonda vyote vizuri hukatwa Kupang."

Akainua kichwa kama mtu aliyefunguliwa kamba. "Jumatatu, Baba! Kidonda tu! Wanakitoa, unarudi!"

"Basi tukienda, ubebe sweta langu. Na hivi vigae uvifunike, mvua isiviharibu. Bafu linaweza kungoja."

Alicheka, akalia, akasema ana mafua. Usiku huu amekula sahani mbili.

Kwa hiyo nafuta malalamiko namba moja hadi sita pamoja na maombi yote, na msimamo ule ambao nilisema sitaurudisha nyuma naurudisha. Badala yake naomba haya: Daktari Prasetya na Sista Metildis waendelee kukiita kidonda, mbele ya Damianus hasa, na wasimtajie kamwe kwamba alikuja baba yake mkubwa, kwa kuwa hana. Skolastika nitamwambia mwenyewe. Yule ni wa sauti ya kwanza, atahimili. Kwenye karatasi ya kuridhia kukatwa, niliyoiona mezani kwa Daktari, pameachwa mahali pa ndugu wa mgonjwa kutia sahihi. Kaka yake atafika Jumatatu mapema, atie.

Kuhusu mgonjwa mwenyewe msiwe na wasiwasi. Nimezungumza naye kwa kirefu jioni hii. Hajui lolote, na amekubali kwenda.